Kurekebisha na Kujenga Upya Kwato za Farasi na Punda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara katika Nyanda za Juu Kusini

Farasi si wengi katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Wapo katika mashamba machache ya Iringa na Mufindi, na mmoja mmoja kwingineko. Punda ndio wengi, hasa katika tambarare ya Usangu, ambako hubeba maji, mpunga na kuni. Kwa sababu hiyo wataalamu wetu wengi wa mifugo wamezoea miguu ya ng'ombe kuliko kwato za wanyama hawa, na mwenye mnyama aliyeumia hubaki akipokea ushauri wa kila apitaye. Maswali yafuatayo ndiyo yanayonirudia zaidi katika kazi yangu ya kutunza kwato. Ninapotaja farasi, jibu linamhusu punda pia, isipokuwa pale niliposema vinginevyo.

Je, kwato iliyoharibika inaweza kupona kabisa?

Mara nyingi inaweza, lakini haiponi kwa namna ambayo jeraha la ngozi hupona. Ukuta wa kwato ni kitu kilichokwisha kukauka, kama ukucha wa binadamu, na ufa uliomo ndani yake hauungani tena hata ukipakwa dawa gani. Kinachotokea ni kwamba ukuta mpya huota kutoka juu, kwenye ukingo ambapo nywele za mguu hukutana na kwato, ukashuka polepole na kuisukuma sehemu mbovu chini mpaka ikatwe. Kila tunachokifanya, iwe ni kukata, kusafisha, kujaza au kuvisha kiatu, ni kuilinda sehemu mpya isiharibike kabla haijafika ardhini.

Ukuta huota kwa takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Upande wa mbele, ambako ukuta ni mrefu zaidi, safari ya kutoka kwenye nywele hadi ardhini huchukua miezi 9 hadi 12. Upande wa kisigino, ambako ukuta ni mfupi, huchukua nusu ya muda huo au zaidi kidogo. Unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Ikiwa ufa wa mbele unaishia sentimita 3 chini ya nywele, na kutoka hapo hadi ardhini ni sentimita 5, basi jiandae kwa miezi mitano hadi minane, mradi ufa usipande tena. Mfugaji anayeniambia kwamba anamtaka mnyama wake apone kabla ya mavuno, mimi humjibu kwa hesabu hiyo, na ninaona ni heri ahuzunike leo kuliko kumpakia mnyama magunia kesho na kurudisha ufa ulikotoka.

Ni sehemu zipi za kwato ninazopaswa kuzifahamu?

Zinatosha tano. Ukuta ni ile sehemu ngumu inayoonekana mnyama akiwa amesimama. Ukingo wa nywele ndio kiwanda cha ukuta, na jeraha likipita hapo linaweza kuacha alama ya kudumu. Ukiinua mguu utaona soli, ambayo haikuumbwa kubeba uzito mwingi peke yake. Katikati ya soli, kuelekea nyuma, upo mto wa kwato, ule ulio laini kidogo na wenye umbo la pembetatu. Kati ya ukuta na soli unazunguka mstari mweupe, ambao kwa kweli una rangi ya manjano hafifu, na huo ndio mlango ambao maradhi mengi huingilia.

Ndani ya hayo yote umo mfupa wa kwato, uliotundikwa kwenye ukuta kwa mamia ya vikunjo laini vilivyojaa damu. Mnyama mzima ananing'inia kwenye vikunjo hivyo. Mtu akilielewa jambo hilo, hawezi tena kuishika tupa kwa mkono mzembe.

Kwa nini kwato hupasuka sana katika maeneo yetu?

Sababu kubwa ya kwanza ni kuachwa bila kukatwa. Kwato iliyorefuka mbele hufanya kazi ya wenzo: kila hatua anayopiga mnyama, ncha ndefu huvutwa na ardhi na ukuta hutengana na vilivyo ndani yake. Sababu ya pili ni kutokuwa na usawa, pale upande mmoja wa kwato unapoachwa mrefu kuliko mwingine, ukapokea uzito wote.

Kisha kuna hali ya hewa. Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na huko Rungwe hunyesha kwa wingi unaozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Baada yake huja miezi ya kiangazi yenye upepo mkavu na, kwa wenzetu wa Makete na Njombe, usiku wa baridi kali. Kwato hunyonya maji na kulainika, kisha hukauka na kuwa ngumu. Kubadilika huko kwa mara kwa mara huiumiza kuliko ukavu wa kudumu. Katika Usangu ule udongo mweusi wa mbuga hunata kwenye kwato nzima wakati wa masika na kuziba hewa, na wakati wa kiangazi hukauka ukawa na mabonge makali. Wanyama wanaotembea kando ya lami ya barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya hukabiliwa na jambo jingine, yaani kusagika kwa ukuta na mshtuko wa kila hatua.

Nitajuaje kwamba ufa ni wa hatari?

Ufa mwembamba unaoanzia chini, usiozidi nusu ya urefu wa ukuta, usiotoa damu na usiomfanya mnyama achechemee, hauna haraka. Ukataji mzuri kila baada ya wiki chache huumaliza. Mwite daktari wa mifugo ikiwa ufa unatoa damu au usaha, ikiwa unaanzia juu kwenye ukingo wa nywele, ikiwa kingo zake mbili zinacheza mnyama anapokanyaga, au ikiwa mnyama anachechemea. Ufa wa ubavuni au karibu na kisigino unaoanzia juu ndio ninaouogopa zaidi, kwa sababu sehemu hiyo hupanuka na kujikunja kila kwato inapobeba uzito, na hivyo jeraha halipati hata siku moja ya kupumzika.

Mstari unaolala kwa upana wa kwato, badala ya kusimama, mara nyingi ni kumbukumbu ya jipu lililopasukia juu au ya ukingo wa nywele uliojeruhiwa. Huo hushuka wenyewe. Usiuchokonoe.

Ufa wa kawaida unarekebishwaje?

Kazi huanza kwa kukata, na mara nyingi huishia hapo. Fundi hurudisha ncha ya kwato nyuma kwa koleo na tupa hadi mahali inapostahili, husawazisha pande mbili, kisha huondoa kiasi kidogo cha ukuta moja kwa moja chini ya ufa ili sehemu hiyo isiguse ardhi. Ukuta wa kulia na wa kushoto wa ufa hubeba uzito, na ufa wenyewe huelea. Hatua hii ndogo ndiyo inayozuia kingo zisisukumwe kando kila anapokanyaga, na inabidi irudiwe kila ukuta unaposhuka.

Baada ya hapo ufa husafishwa. Uchafu wote, ukuta uliolegea na vumbi jeusi vitolewe mpaka kila upande ubaki mgumu na safi. Ndani ya ufa mrefu mara nyingi kuna njia ya kando iliyojificha chini ya ukuta ulio mzima kwa kuutazama. Ikiachwa, vimelea huendelea kula humo huku nje kukiwa kumependeza. Fundi anayetumia mashine ya kusaga anapaswa kuigusisha na kuiondoa mara kwa mara, kwa sababu joto na kina vinaweza kufika kwenye nyama kabla hajatambua.

Ikiwa kingo bado zinacheza, ndipo huhitajika kuzishikamanisha, ama kwa waya uliopitishwa pande mbili za ufa, ama kwa bati dogo lililofungwa kwenye ukuta, ama kwa kijazio nitakachokieleza chini. Kwa ufa wa ubavuni, kiatu chenye kipande cha chuma kinachounganisha visigino viwili husaidia sana kutuliza mwendo wa sehemu ya nyuma.

Wapo wanaochora mstari wa kukatiza juu ya ufa ili usipande. Desturi hiyo ni ya zamani, na ufa huweza kuruka mstari huo bila shida kama kwato bado ni ndefu. Ukichorwa kwa kina unaongeza jeraha la pili.

Ukuta wa kwato ya mnyama wangu una uvungu ndani, na nikiugonga unalia kama debe. Ni nini?

Ni dalili ya ugonjwa wa mstari mweupe. Bakteria na kuvu wanaopenda mahali pasipo na hewa huingia kupitia mstari mweupe uliokwisha kutanuka na kula sehemu ya ndani ya ukuta, wakipanda juu. Ukichokonoa kwa chini hutoka unga mweupe au wa kijivu unaofanana na jibini iliyokauka. Mnyama anaweza asichechemee hata kidogo, na ndiyo maana ugonjwa hugunduliwa ukiwa umekwisha kwenda mbali.

Tiba yake huwashtua wenye mnyama. Ukuta wote uliotengana huondolewa, hadi kufikia mahali uliposhikamana barabara na vilivyo ndani, kisha sehemu hiyo huachwa wazi ipate hewa na mwanga. Dawa pekee haitoshi, kwa sababu haiwezi kufika mwisho wa uvungu. Kila siku mahali hapo pasuguliwe kwa brashi kavu, na kila baada ya wiki mbili hivi fundi aangalie kama kuna mahali pengine palipotengana. Ikiwa eneo lililoondolewa ni kubwa, kiatu kinachogawa uzito kwenye sehemu zilizobaki kitahitajika, na daktari anapaswa kuhusika ili picha ya eksirei ionyeshe kama mfupa wa kwato bado umekaa mahali pake.

Je, ninaweza kujaza tundu au ufa kwa gundi, na ni gundi gani?

Vijazio vya kwato vipo, na vikitumiwa mahali pake ni msaada mkubwa. Vinavyotumika zaidi ni vya aina mbili: akriliki, ambayo hukauka ikawa ngumu na kushika vizuri misumari, na poliyurethani, ambayo hubaki na unyumbufu kidogo na huivumilia kwato inapopanuka. Vyote viwili huja katika sehemu mbili zinazochanganywa wakati wa kazi, na vyote hutoa joto vinapoganda, kwa hiyo havipaswi kuwekwa kwa unene juu ya sehemu iliyo karibu na nyama.

Kanuni ya kwanza ni kwamba hujazi tundu lenye uchafu, unyevu, usaha au damu. Nilimwona punda mmoja huko Usangu ambaye ukuta wake wenye uvungu ulikuwa umejazwa kijazio cha bodi za magari, ukapigwa msasa hadi ukang'aa. Wiki chache baadaye usaha ulipasukia kwenye ukingo wa nywele, na tulipokifungua tulikuta theluthi ya ukuta imekwisha kutengana. Mwenye punda alikuwa amefanya kwa mapenzi na kwa gharama, akiamini kwamba kilichofunikwa kimetibiwa. Kijazio cha magari hakifai hata mahali pakavu, kwa sababu hakinyumbuki pamoja na kwato na hupasuka au kuondoka na kipande cha ukuta.

Maandalizi ndiyo yanayochukua muda. Kwato ikaushwe kabisa, na wakati wa masika hilo laweza kumaanisha siku mbili za kumweka mnyama kwenye banda lenye maranda makavu. Ukuta usuguliwe kwa tupa hadi uwe na mikwaruzo, ufutwe kwa asetoni au spiriti, na usiguswe tena kwa vidole, kwani mafuta ya mkono peke yake hutosha kuzuia gundi kushika. Mguu uinuliwe mpaka kijazio kigande. Asubuhi za baridi za Makete au Mufindi gundi huchelewa kuganda, basi ifanye kazi hiyo mchana au iweke mikebe ndani ya maji ya uvuguvugu kabla ya kuchanganya.

Mahali ambapo unashuku kwamba vimelea wangalipo lakini kwato haiwezi kusimama bila msaada, fundi huacha njia ndogo chini ya kijazio ili dawa ipite na majimaji yatoke. Mambo yakiwa na mashaka, mimi huacha wazi.

Mrututu unafaa?

Unafaa, ukitumiwa kwa adabu. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, ni ule ule wa buluu ambao wakulima wa kahawa wa Mbozi na Rungwe wameufahamu kwa miaka mingi kama kinga ya magonjwa ya kuvu, na hupatikana kwenye maduka ya pembejeo. Chembe chache zikifungwa ndani ya pamba na kusokotwa kwenye tundu kavu la mstari mweupe huzuia vimelea kurudi. Usiutie kwenye nyama hai wala kwenye ufa unaotoa damu, kwa sababu unaunguza, na tishu iliyoungua huota vibaya. Maji yaliyobaki usiyamwage mahali ambapo kondoo hunywa au kulisha. Shaba huwaua kondoo kwa kiwango ambacho wanyama wengine wangekivumilia.

Mnyama wangu alikuwa mzima jana, leo hawezi kukanyaga kabisa. Amevunjika?

Huenda amevunjika, na ndiyo sababu daktari anapaswa kuitwa. Lakini sababu inayoongoza kwa uchechemeaji mkali wa ghafla katika wanyama hawa ni jipu ndani ya kwato. Changarawe au uchafu hupenya kwenye mstari mweupe, usaha hujikusanya, na kwa kuwa ukuta hautanuki kama ngozi, maumivu huwa makubwa mno. Ishike kwato: itakuwa na joto kuliko ile ya pili. Weka vidole pande mbili za nyuma ya kifundo kilicho juu ya kwato, na utahisi mapigo ya damu yakidunda kwa nguvu.

Jipu linahitaji kutoka. Daktari au fundi aliyefunzwa hutafuta alama nyeusi kwenye mstari mweupe na kuifuata kwa ncha ya kisu hadi usaha utoke, kwa tundu dogo tu linalotosha kupitisha majimaji. Tundu kubwa kwenye soli hufanya nyama ya ndani ivimbe na kutokeza nje, na jeraha la wiki moja linageuka kuwa la miezi. Usaha usipopatikana siku ya kwanza, usiendelee kuchimba. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa dakika 15 hadi 20, mara moja au mbili kwa siku, kisha funga kwato kwa pumba ya ngano iliyokandwa kwa maji ya moto yaliyopoa kidogo, na juu yake weka nepi ya mtoto na utepe mpana wa gundi. Nepi hunyonya vizuri na hukaa kwenye kwato kama soksi. Mara nyingi jipu hulainika na kupasuka ndani ya siku mbili au tatu, na nafuu huonekana siku hiyo hiyo.

Tundu likishatoa, lihifadhiwe kavu. Sukari ya kawaida iliyochanganywa na iodini mpaka iwe kama uji mzito ni kifungio kizuri na cha bei nafuu.

Amekanyaga msumari. Niung'oe?

Jibu linategemea daktari yuko umbali gani. Akiweza kufika upesi, uache mahali ulipo, mzuie mnyama asitembee, na umfungie ubao au kitambaa kizito pande za msumari ili usizame zaidi. Picha ya eksirei ikipigwa msumari ukiwa ndani huonyesha umegusa nini. Akiwa mbali, ung'oe, lakini kwanza piga picha kwa simu, weka alama mahali ulipoingia na upime urefu wa sehemu iliyokuwa ndani. Msumari ulioingia katikati ya kwato, kwenye mto au karibu yake, ni dharura hata kama mnyama anatembea, kwa kuwa hapo ndipo kano kuu na kiungo vilipo karibu na soli, na maambukizi ya kiungo huua.

Kila jeraha la kwato, hata dogo, ni mlango wa pepopunda. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika kwa urahisi zaidi na ugonjwa huo. Chanjo hutolewa kwa dozi mbili za mwanzo zinazotenganishwa na wiki nne hadi sita, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayoipanga daktari. Mnyama aliyejeruhiwa bila kuchanjwa anahitaji kinga ya haraka siku hiyo hiyo. Ninaomba kila mwenye punda alizingatie hili, kwa sababu kumtazama mnyama akikakamaa kwa pepopunda, akisikia na kuona kila kitu, ni jambo lisilosahaulika.

Laminaitisi ni nini, na ina uhusiano gani na mahindi?

Laminaitisi ni uvimbe wa vile vikunjo vinavyoutundika mfupa wa kwato. Vikilegea, mfupa huzunguka au huzama, na katika hali mbaya hutoboa soli. Katika mikoa yetu inayolima mahindi kwa wingi, sababu ninayokutana nayo zaidi ni mnyama aliyevunja ghala au kufunguliwa shambani baada ya mavuno akala nafaka bila kipimo. Sababu nyingine ni unene, majani mabichi yenye sukari nyingi mwanzoni mwa mvua, kondo la nyuma lililobaki tumboni baada ya kuzaa, na kutembezwa sana kwenye barabara ngumu.

Mnyama husimama ameinyoosha miguu ya mbele na kuegemea nyuma, hugeuka kwa shida, na hulala kuliko kawaida. Kama umegundua kwamba amekula mahindi, usisubiri dalili: mwite daktari saa hiyo, na uiweke miguu kwenye maji baridi sana, yenye barafu ikiwezekana, mfululizo. Maji ya mito ya milimani kwetu ni ya baridi, lakini hayafikii baridi ya barafu, na usimtembeze mgonjwa kwenda mtoni. Mwekee matandiko mazito ya maranda au mchanga laini na umwondolee nafaka yote. Dawa za maumivu za binadamu usimpe. Kipimo na aina huchaguliwa na daktari.

Ujenzi wa kwato baada ya laminaitisi ndio mgumu kuliko wote. Ncha hurudishwa nyuma kidogo kidogo, visigino hurekebishwa kwa kufuata picha ya eksirei, na soli hupewa msaada wa kiatu au povu nene. Huenda ikachukua mwaka mzima. Mfupa ukiwa umetoboa soli na maumivu hayatulizwi, daktari anaweza kushauri mnyama auawe kwa njia isiyo na mateso, na mwenye mnyama asilione hilo kuwa ni kushindwa.

Ni lazima avae viatu vya chuma?

Hapana. Wanyama wengi wa huku, na karibu punda wote, huishi vizuri bila viatu wakikatwa kwa wakati. Kiatu huhitajika pale ukuta unaposagika haraka kuliko unavyoota, au unapohitaji kushikiliwa wakati wa kupona. Mhunzi stadi anaweza kukitengeneza kwa chuma bapa laini, mradi kifuate umbo la kwato. Kwato isikatwe ili ifuate kiatu. Misumari isipigwe nyuma ya sehemu iliyo pana zaidi ya kwato, ili visigino vibaki huru kupanuka. Kiatu hutolewa na kwato kukatwa upya kila baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama chuma bado ni kizima.

Kwato ya punda inatofautianaje na ya farasi?

Ni nyembamba, imesimama wima zaidi, na hunyonya maji kwa urahisi, kwa kuwa punda ni mnyama wa asili ya nchi kame. Fundi aliyezoea farasi akimlaza punda kwato ili ifanane na ya farasi, anamuumiza. Wakati wa masika punda anahitaji mahali pakavu pa kusimama kuliko anavyohitaji dawa yoyote. Tena punda huficha maumivu. Tunasema shukrani ya punda ni teke, lakini punda anayerusha teke ukimshika mguu mmoja tu kati ya minne anakuonyesha mahali panapouma.

Kwato zake zimerefuka na kujikunja kama viatu vya ncha. Nizikate zote kwa siku moja?

Zipunguze kwa awamu, wiki chache kati ya awamu na awamu, kwa sababu kano na viungo vimekwisha kuzoea mkao mbaya na nyama ya ndani huenda imesogea mbele kuliko unavyodhani. Awamu ya kwanza ifanywe daktari akiwepo. Baada ya hapo, wiki 6 hadi 10 ndio muda wa kawaida wa kurudia.

Chakula gani husaidia kwato kuota vizuri?

Nyasi kavu safi na za kutosha ndizo msingi. Pumba ya mahindi au ya ngano ikiwa ndiyo chakula kikuu huleta fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na mifupa pamoja na kwato hulipa gharama. Madini ya zinki na shaba ni muhimu, na biotini, ambayo ni aina ya vitamini, ya miligramu 20 kwa siku kwa farasi mkubwa imeonyeshwa kuboresha ukuta mpya, lakini ni lazima itolewe kwa miezi sita hadi tisa kabla ya kuyaona mabadiliko, kwa sababu haibadilishi chochote katika ukuta uliokwisha kuota.

Jihadhari na lusina. Mti huo umesambazwa kama malisho ya mbuzi na ng'ombe, lakini una sumu iitwayo mimosini, ambayo kwa farasi na punda hunyonyoa nywele za shingo na mkia na kuharibu kwato. Kwato zote nne zikianza kuwa na mikunjo kwa wakati mmoja, chunguza anakula nini.

Nipake mafuta gani?

Kwa kwato iliyo nzima, hakuna linalohitajika. Oili chafu ya injini usiipake kamwe; hutia sumu kwenye ngozi, hufungia vimelea ndani, na huzuia kijazio kushika pindi kitakapohitajika.

Nani anastahili kuifanya kazi hii?

Kusafisha, kuloweka, kufunga na kukagua kila siku ni kazi ya mwenye mnyama. Kukata ni kazi ya aliyefundishwa kwa vitendo, na upasuaji, sindano na eksirei ni vya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Anza kwa ofisa mifugo wa kata yako, ambaye anaweza kukuelekeza kwa daktari wa wilaya. Kwa matatizo makubwa, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hupokea rufaa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama asimwache katika mateso yanayoweza kuepukwa, na kumfanyisha kazi mnyama anayechechemea ni kuivunja.

Atarudi kazini lini?

Kwa jipu la kawaida, tundu likiwa limekauka na mnyama amekanyaga sawasawa kwa siku saba, anaweza kuanza kwa safari fupi bila mzigo. Kwa ufa uliotoa damu, subiri mpaka angalau sentimita 2 za ukuta mpya usio na ufa zionekane chini ya nywele, kisha mpakie nusu ya mzigo kwenye ardhi laini. Kwa laminaitisi, uamuzi ni wa daktari na picha ya pili ya eksirei. Kila Jumapili piga picha ya kwato kwa simu, kwa upande ule ule na ukiwa umeweka rula kando yake, ili mtakapokutana na fundi mlinganishe ukuta ulivyoshuka badala ya kubishana kwa kumbukumbu.